The Thing ya 1982: damu yenye kazi, mpaka dakika ishirini za mwisho

Kuna watu wakisikia muvi imejaa damu na matumbo wanakata hukumu palepale, ama ni takataka, ama ni kali kwa sababu tu inatisha kuliko zingine. Naona zote mbili ni njia za mkato. Muvi ya kumwaga damu iulizwe swali moja gumu, hiyo damu iko pale inafanya nini? Ukiitoa, hadithi inabaki imesimama au inaanguka? Nimeichukua The Thing ya John Carpenter niipime kwa swali hilo mwanzo mpaka mwisho, maana ilipotoka ilitukanwa sana na siku hizi inasifiwa mpaka watu wanaogopa kusema ina kasoro, na kasoro inazo, na moja ni kubwa kabisa. Nitasimulia kila kitu humu, kama hujaiona kaitazame kwanza alafu urudi.

Kisa kinaanza Antaktika, kambi ya utafiti ya Wamarekani, wanaume 12, baridi kali ndo inaingia na redio haimpati mtu yeyote. Inatokea helikopta ya Wanorwei inamkimbiza mbwa kwenye theluji, jamaa aliyemo ndani anamfyatulia risasi kama mwendawazimu, wanatua, helikopta inalipuka, yule aliyebaki anaendelea kufyatua mpaka anamjeruhi mtu wa kambi, na Garry ambaye ndo mkuu wa kambi anampiga risasi anamuua. Mbwa anapokelewa ndani. Sasa yule Mnorwei kabla hajafa alikuwa anapiga kelele kwa lugha yake kwamba huyo si mbwa, ni kitu kinachojifanya mbwa, kwahiyo mtazamaji anayejua Kinorwei anapewa jibu zima dakika za mwanzo kabisa na bado muvi inamkamata mpaka mwisho. Hiyo peke yake inakwambia hadithi haitegemei siri ya kiumbe ni nini. Inategemea siri ya kiumbe ni nani.

Maana kiumbe chenyewe, ambacho kimetoka angani, kinauvamia mwili seli kwa seli na kuutengeneza upya, sura ileile, sauti ileile, mazoea yaleyale. Wazo limetoka kwenye hadithi ya John W. Campbell ya 1938 na lilishatengenezewa muvi mwaka 1951, ila ile ya 1951 iliacha kabisa suala la kuiga watu, ikaweka zimwi moja refu linalotembea na watu wanalikimbia. Carpenter na mwandishi wake Bill Lancaster wakarudi kwenye wazo la asili, na kila kitu kizuri kwenye muvi hii kinatokana na uamuzi huo.

Kwanini nasema hivyo. Kwenye muvi nyingi za aina hii unaona kisu kinaingia, damu inaruka, umeshajua nani kafa na nani kaua, mambo yameisha, damu ni risiti tu ya kitu kilichokwisha tokea. Hapa mwili ukipasuka ndo ushahidi pekee unaopatikana. Kabla haujapasuka hujui kitu, una sura ya mtu mbele yako na haikusaidii lolote. Ukipasuka umejua habari ya mtu mmoja, ila papo hapo unaanza kujiuliza huyu alikuwa hivi tangu lini, na nani alikaa naye peke yake, na jana usiku nani alilala chumba gani, yaani jibu moja linazaa maswali manne. Damu ya hivyo huwezi kuiita ya mapambo.

Tuanze na sini ya banda la mbwa, kwa sababu ndo inayoweka kanuni. Yule mbwa, mchanganyiko wa mbwa na mbwa mwitu anayeitwa Jed, anaigiza vizuri kuliko binadamu wengi niliowaona kwenye muvi za kutisha, anatembea kwenye korido taratibu, anasimama, anachungulia, hana papara ya mbwa. Kuna picha moja anaingia kwenye chumba, ukutani kuna kivuli cha mtu, kichwa kinageuka, picha inazimika, na hatuambiwi kamwe kivuli kilikuwa cha nani. Hakuna tone la damu hapo na ni moja ya sehemu zinazotisha zaidi. Alafu usiku anafungiwa na mbwa wenzake, anakaa chini, anatulia, na uso wake unafunguka vipande. Hiyo sini ilitengenezwa na Stan Winston kwa sababu Rob Bottin, aliyekuwa anasimamia viumbe vyote, alikuwa amezidiwa na kazi, na Winston akakataa kuandikwa kama mshirika ili sifa zibaki kwa Bottin. Bottin mwenyewe alikuwa na miaka 22 hivi. Alipiga kazi zaidi ya mwaka mzima, siku saba kwa wiki, mpaka mwishoni akalazwa hospitalini kwa uchovu. Nalitaja hili kwa sababu unaliona kwenye picha, kila kiumbe kina wazo lake, hakuna kinachorudiwa, na hilo nalo lina maana ndani ya hadithi, kitu kisichokuwa na umbo la kwake hakiwezi kutokea kwa umbo lilelile mara mbili.

Sasa sini ya Norris. Hii ndo nataka tukae nayo, maana ukiielewa hii umeielewa muvi nzima.

Hali iko hivi, MacReady (Kurt Russell), rubani wa helikopta wa kambi na ndo shujaa wetu, ameshashukiwa na wenzake, wamemfungia nje kwenye dhoruba, amevunja akaingia akiwa ameshika baruti na moto mkononi, anatishia kulipua kambi yote. Kila mtu anamtazama yeye, na wewe mtazamaji pia. Katika purukushani Norris, mmoja wa wanaume wa kambi, anaanguka, moyo umesimama. Daktari Copper anamlaza mezani anachukua mashine ya kushtua moyo, anafanya kitu cha kiutu kabisa, kitu ambacho umekiona kwenye muvi mia, anashtua mara ya kwanza, anarudia, na kifua kinafunguka kama mdomo wenye meno na kumkata mikono yote miwili. Mshtuko wake unatoka mahali ambapo hukuelekezwa kutazama. Macho yako yalikuwa kwenye baruti.

Kuna kitu kidogo watu wengi wanakipita. Mapema kidogo Garry alipojiuzulu uongozi, Norris alipendekezwa ashike nafasi akakataa, akasema hawezi, na kabla ya kuanguka unamwona anashika kifua kwa maumivu. Yaani kile kiumbe kilimwiga Norris kikamilifu mpaka kikaiga na moyo wake mbovu! Kilikuwa kimejificha ndani ya mwili mgonjwa na ugonjwa ndo ukakifichua. Sasa niambie kama hiyo ni damu ya bure. Na inakuachia swali baya zaidi, kwamba kama kuiga ni kukamilifu kiasi hicho, je Norris mwenyewe alijua? Muvi haijibu na inafanya vizuri kutojibu.

Ufundi wake nao uheshimiwe. Ile picha ya mikono kukatwa, walimtumia mtu ambaye kweli hakuwa na mikono miwili, wakamfungia mikono ya bandia iliyojazwa mifupa ya nta na mishipa ya mpira, wakamvisha barakoa yenye sura ya Richard Dysart aliyecheza daktari. Inaonekana kwa muda mfupi sana na macho yako yanakubali kwa sababu hakuna kilichofichwa. Kichwa kinapochomoka shingoni, yale makamba na ute vilitengenezwa kwa kemikali zilizotoa mvuke unaoshika moto, na siku ya kupiga picha walipowasha moto chini ya kamera hewa yote ikalipuka na ile kazi ikaungua, ikabidi itengenezwe tena.

Alafu kichwa kinajivuta kwa ulimi chini ya meza, kinaota miguu ya buibui, kinatembea kuelekea mlangoni. Wengine wanacheka hapo, na nadhani Carpenter alijua watacheka, ila angalia kinachofuata. Kutokana na kile kichwa MacReady anafikia hitimisho kwamba kila kipande cha kiumbe ni mnyama kamili anayejitetea mwenyewe, kwahiyo hata damu ikichomwa itakimbia. Jaribio la damu linazaliwa hapo. Ukikata ile sini ya kichwa kwa sababu inachefua, jaribio la damu linakosa mantiki, na jaribio la damu ndo kilele cha hadithi. Sijaona muvi nyingi ambazo picha yake ya kuchefua kuliko zote ndo hatua ya lazima ya hoja yake. Na anayekiona kichwa kinatoroka akawaonyesha wenzake ni Palmer, mwingine wa kambi, ambaye dakika chache baadaye tunajua na yeye si mtu, kwahiyo alikisaliti kipande cha mwenzake ili yeye abaki salama. Tazama mara ya pili ukijua hilo, sini inabadilika kabisa.

Jaribio lenyewe ni la kufundishia. Watu wamefungwa kamba kwenye viti, damu ya kila mmoja iko kwenye kisahani cha maabara, MacReady anachoma waya, anauzamisha, unasikia tss, hakuna kitu, anayefuata. Kwa dakika kadhaa hakuna chochote cha kuchefua, ni waya tu na nyuso. Inapofika zamu ya damu ya Palmer, MacReady hata haangalii, anabishana na Garry ambaye ndo anamshuku zaidi, anamwambia wewe nakuacha wa mwisho, na mkono unazamisha waya kama kwa kukamilisha ratiba, na damu inaruka inapiga kelele. Ujanja ni uleule wa sini ya Norris, unaangalia kulia pigo linatoka kushoto, na bado unakupata. Katikati ya jaribio damu ya Clark inaonekana safi, Clark ambaye MacReady alimpiga risasi ya kichwa muda mfupi kabla, na mwenzao Childs anamwambia wazi basi wewe ni muuaji. Muvi haimtetei shujaa wake. Inapita tu na kuendelea, na ule uzito unabaki kwako.

Haya, kasoro.

Mwaka 1982 wakosoaji wengi walisema wahusika ni wepesi mno, kwamba efekti zimewafunika watu. Watetezi wa leo wanajibu kwamba wepesi huo ni makusudi, ukiwajua vizuri utagundua mapema nani kabadilika. Jibu hilo lina ukweli nusu. Ili niogope kwamba rafiki yako si rafiki yako tena, inabidi kwanza nione alikuwa rafiki wa namna gani, na hapa Fuchs, Windows na Bennings unawajua kwa kofia na miwani zaidi ya tabia. Bennings anapokamatwa kwenye theluji na mikono ambayo haijamaliza kuundwa, anapiga ule mlio wa ajabu, picha inatisha sana, ila huzuni inakuja pale Garry anaposema amemjua huyo mtu kwa miaka kumi, yaani inabidi tuambiwe kwa maneno kitu ambacho tungepaswa kuwa tumeshakihisi. Na usiniambie muda haukutosha, kwa sababu muvi yenyewe inaonyesha inaweza, MacReady tunamwona mwanzoni anacheza chesi na kompyuta, anashindwa, anaimwagia pombe kwenye mashine na kuiua. Sini fupi tu na umeshajua huyu mtu akiona anashindwa atavunja ubao wote, na ndivyo anavyofanya mwishoni. Wangepata wengine wawili watatu sini ya namna hiyo, muvi ingeuma mara mbili.

Kuna sehemu pia uzembe wa hadithi unajificha nyuma ya fumbo. Nani aliharibu akiba ya damu ya kambi, ile iliyotakiwa kutumika kupimia watu? Hilo nalikubali kama fumbo halali, maana ukifuatilia utaona Windows aliangusha funguo za hiyo akiba alipomwona Bennings, na yeyote angeweza kuziokota, ushahidi upo ukiutafuta. Ila Fuchs anakutwa ameungua na wenzake wanakisia tu kilichotokea, na Nauls karibu na mwisho anasikia kitu, anaondoka kwenye fremu na hatumwoni tena milele. Huyo Nauls si fumbo, huyo ni mtu ambaye muvi imemsahau. Na ile kompyuta ya Blair, mwanabiolojia wa kambi, inayompa asilimia 75 kwamba kuna mtu ameambukizwa na saa 27,000 mpaka dunia nzima iishe, ambayo ni kama miaka mitatu na kidogo, ni njia ya haraka ya kutuambia ukubwa wa hatari na inasikika hivyo. Wilford Brimley anaiokoa kwa uso wake tu, anavyoitazama skrini na kufungua droo ya bastola, zile namba zingetolewa nisingezikumbuka.

Kasoro kubwa lakini ni kule mwisho. Baada ya jaribio la damu walio hai wanajulikana ni watu, anayebaki ni Blair aliyefungiwa peke yake, wanaenda wanakuta ametoweka na chini ya kibanda anajenga chombo cha kurukia kwa vipuri vya helikopta. Kuanzia hapo shaka imekufa. Tunajua adui nani, tunajua yuko wapi, kilichobaki ni kulipua. Kuna dakika moja bado nzuri sana, Blair anatokea gizani anamzamishia Garry vidole usoni, nyama ya mkono na nyama ya uso zinaungana, kimya kabisa, hakuna mlipuko, na ni picha inayosema kila kitu kuhusu kiumbe hiki bila neno. Alafu sakafu inapasuka na linatoka dubwana kubwa, lina meno, lina mbwa anachomoza ubavuni, linanguruma, MacReady analirushia baruti. Randall William Cook alitengeneza sehemu ndefu zaidi ya dubwana hilo kwa kupiga picha moja moja, na Carpenter akaikata karibu yote kwa sababu ilionekana kama kitu cha muvi nyingine. Aliona sawa, ila tatizo halikuwa mwendo wa dubwana. Tatizo ni kwamba dubwana halijibu swali lolote. Saa nzima na nusu tumefundishwa kuogopa kitu kinachofanana na sisi, alafu kinaletwa kisichofanana na mtu yeyote, na hofu inashuka palepale, inabaki kelele. Hapo ndo wale wakosoaji wa 1982 wangekuwa na haki, ila wengi wao walielekeza hasira kwa Norris, kwenye sehemu ambayo damu ilikuwa inafanya kazi kuliko zote.

Ilitoka tarehe 25 Juni 1982, siku moja na Blade Runner, wiki mbili baada ya E.T., kwahiyo watu walikuwa kwenye hali ya kumpenda mgeni kutoka angani na huku wanaletewa mgeni anayekuvaa mwili. Iligharimu dola milioni 15 na Marekani ikaingiza kama milioni 19.6, ambayo kwa studio ni kushindwa, na Carpenter aliumizwa nayo. Kipimo cha tiketi hakisemi kitu kuhusu ubora, ila kinaeleza kwanini ilichukua miaka mpaka watu waitazame kwa utulivu nyumbani, ambako ndo unaweza kurudisha nyuma na kumfuatilia nani alikuwa na nani.

Mwaka 2011 ilitengenezwa muvi nyingine ya kuelezea kambi ya Wanorwei, na viumbe vilijengwa kwa mikono kama zamani, alafu vikafunikwa kwa picha za kompyuta karibu vyote. Ukizitazama pamoja unaona tofauti haiko kwenye wingi wa damu. Mwili wa Norris una uzito, unachukua mwanga wa ile meza, na Dean Cundey kwenye kamera anakupa sehemu yake tu na giza linashika zingine, na Ennio Morricone kwenye muziki anapiga noti chache zinazodunda kama moyo. Ile ya 2011 inaonyesha kila kitu kwa mwanga, na viumbe wanakimbia huku na kule wakifukuza watu, yaani imeanza moja kwa moja na kosa la dakika ishirini za mwisho za Carpenter na kulifanya muvi nzima.

Kama ningepewa mkasi ningetoka kwenye uso wa Garry moja kwa moja mpaka kwenye mlipuko, dubwana lisionekane kabisa, alafu wale wawili waliobaki, MacReady na Childs, kwenye theluji na chupa yao. Huo mwisho sigusi. Watu wanahesabu mvuke wa pumzi ya Childs wakitafuta jibu kama naye amebadilika, wakati MacReady mwenyewe ameshakubali kwamba hata angejua asingeweza kufanya kitu, kambi inaungua na baridi itawamaliza wote. Carpenter alipiga na mwisho mwingine wa tahadhari, MacReady ameokolewa, anapimwa damu, yuko safi, na akakataa kuutumia. Mtu aliyekuwa na ujasiri wa kutupa jibu hilo alikuwa nao pia wa kutupa dubwana zima na si kulipunguza tu, na kwenye muvi ambayo kila tone la damu lilikuwa limelipiwa na hadithi, hilo ndo deni pekee ambalo halikulipwa.